Boga la Bi Ngiri Lapanda Mizani

Paukwa!
Pakawa!
Aliyekuja kusinzia arudi kwao, aliyekuja kusikia asogee motoni.
Tumesogea!

Zamani za kale, wanyama walishindanisha maboga kila mavuno. Mwenye boga zito kuliko yote alipewa bonde lenye maji, alilime mwaka mzima. Bi Ngiri alikuwa na watoto sita na shamba la mlimani, kavu kama kigae. Mwaka huo akajaliwa boga: fahali akisimama nyuma yake, humwoni.

"Nibebeeni," akawaambia Nyani watatu. "Lakini mwiko mnaujua. Boga halinyooshewi kidole. Likinyooshewa, linaoza."

"Tunajua, mama!"

Wakalilaza juu ya kitanda cha kamba, wakalifunga, wakainua. Bi Ngiri akatangulia, hageuki, asije akalihusudu mwenyewe.

Kumbe Panya keshatoboa chini, yumo ndani! Anaguguna, anawatupia nduguze njiani.

Kilimani: "Boga salama?"
"Salama, mama!" Kipande, pu!

Kijitoni: "Boga salama?"
"Salama, mama!" Vipande, pu! pu!

Uwanjani: "Boga salama?"
"Salama salimini, mama!" Sasa wanalibeba kwa mkono mmoja, na kucheza wanacheza.

Tembo, mpimaji, akalipakia kwenye mizani. Upande wa pili, boga la Kiboko.

La Bi Ngiri likaruka juu kama unyoya!

Panya akachungulia tunduni.

"Tumefika?" akauliza.

Bi Ngiri akawageukia Nyani. "Nyie! Hamkuona?"

"Tuliona, mama. Tangu kilimani."

"Mkanyamaza?"

"Tungenyoosha kidole, lingeoza!"

"Na midomo? Midomo nayo inaozesha boga?"

Nyani wakatazamana. Hilo hawakuwa wamelifikiria.

Bonde akapewa Kiboko, ambaye hata jembe hana. Tembo akahukumu: Nyani wampandishie Bi Ngiri maji mlimani, asubuhi, mchana na jioni, mpaka mvua inyeshe. Tangu hapo nyani hanyamazi. Jani likitikisika, anabweka msitu mzima usikie.

Funzo? Ukiona cha mwenzio kinaharibika, mwambie. Ukimya wako usiuite adabu.

Hadithi naitua hapa, kitanda na kamba zake. Mimi nilipita njia ile ile, nikaokota vipande vitatu, nikavipika kwa nazi. Vitamu!

Mbona sikusema? Haya, kalaleni.