Liliingia Hivyo Hivyo

Hapo zamani, wakati magari yalipokuwa yakivutwa na punda na watu wakivutwa na masultani, palikuwa na mji uitwao Magandani, na sultani wake jina lake Bwanakheri. Sultani huyu alikuwa mtu mwema siku za sikukuu. Siku zilizobaki alikuwa akiuza magari. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuuza magari katika mji ule, maana mtoa ruhusa alikuwa yeye mwenyewe. Na kila aliyenunua gari alipewa pamoja nalo ahadi ya Sultani, kwamba likiharibika litatengenezwa bure. Ila palikuwa na sharti. Kila mwaka gari lipelekwe karakana ya Sultani likapakwe mafuta na mafundi wa Sultani, wala asiliguse mtu mwingine hata kwa ncha ya kidole. Ukilipaka mafuta mwenyewe nyumbani kwako, ahadi imekufa, nawe umebaki na gari na mikono inayoteleza.

Karakana ile ilikuwa na ukuta mrefu na lango moja. Mwenye gari huliingiza mwenyewe, akaliacha bandani, akatoka kungoja nje juu ya benchi. Hapo langoni huketi Mzee Shaha, na kazi yake ni kunadi kinachotoka, ili asije mtu akadai kuwa Sultani amemzuilia mali yake. Kitu kikiingia, Mzee Shaha hanadi wala hatazami. Kikitoka, hupaza sauti mji mzima ukasikia: "Limetoka gari la fulani!" Basi mambo yamekwisha.

Na msimamizi wa karakana alikuwa mtu mmoja jina lake Feruzi. Kanzu yake nyeupe pe, tangu apewe kazi ile haijapata doa la mafuta, na hilo peke yake lingewatosha watu wenye akili. Mtu akichukua gari lake, akaliona limevunjika mti wa kufungia punda au limechubuka ubavu, akirudi kulalamika Feruzi hujibu kwa upole, "Liliingia hivyo hivyo, ndugu yangu." Hana neno jingine. Nadhani hata mkewe akimuuliza mbona wali umeungua, humwambia uliingia hivyo hivyo chunguni.

Basi malalamiko yakawa mengi, watu wakaenda barazani kila siku, hata Sultani akachoka. Siku moja akapiga mkono wa kiti chake akanena, "Karakana yangu haiharibu kitu! Tangu leo iwe sheria: kila kitokacho karakanani kimetoka kama kilivyoingia. Atakayesema vingine amenizulia uongo." Kadhi akasema ni haki tupu. Waziri akasema hajasikia haki kama ile tangu azaliwe. Ikapigwa mbiu sokoni.

Sasa katika mji huo alikuwapo maskini mmoja, Mbwarali mbeba vyungu. Wafinyanzi walikaa juu mlimani kwenye udongo wao, na soko liko bondeni. Mbwarali kazi yake kuteremsha vyungu na mitungi kwa gari la punda. Mali yake yote duniani ni gari lile, na punda mmoja ambaye alimwita Tajiri. Watu walimhesabu kuwa mjinga, kwa sababu alikuwa akizungumza na punda njia nzima, na punda akipiga kelele yeye hunyamaza kwa adabu mpaka amalize.

Ikawa mwaka umetimia, Mbwarali akapeleka gari lake likapakwe mafuta. Akaambiwa njoo kesho. Akaja, akaambiwa tena kesho, na kesho nyingine, na nyingine ambayo hata Feruzi aliona haya kuiita kesho. Mwisho akapewa gari lake, limeoshwa linang'aa kama sahani ya mgeni.

"Kuosha ni hisani ya Sultani," akasema Feruzi. "Hatukutozi kitu."

Mbwarali akashukuru, akamfunga Tajiri, wakaondoka. Wasifike mbali, akaona gari linakwenda upande upande kama kaa. Akainama akatazama chini. Ekseli, yaani kile chuma kinachoshika magurudumu mawili, imepinda kama upinde. Akatazama juu, akaona katika nyufa za mbao punje za pilau na maua ya asumini yaliyonyauka. Basi akafahamu. Wiki ile Feruzi alikuwa amemwoza shemeji yake. Gari la vyungu limekwenda harusini, na mwenyewe hakualikwa.

Akarudi langoni. "Bwana Feruzi, gari langu limepinda ekseli."

"Liliingia hivyo hivyo, ndugu yangu."

"Na pilau hii?"

"Liliingia nayo."

"Bwana, mimi pilau nimekula mara ya mwisho katika khitma ya bibi yangu. Ningejua ninayo garini, ningefunga gari mlango nikalala humo."

"Sheria unaijua," akasema Feruzi, akakung'uta kanzu yake ambayo haikuwa na vumbi.

Mbwarali akaenda mlimani. Wafinyanzi walipoliona gari linavyoyumba, wakakataa kulipakia hata kifuniko cha chungu. Akarudi nyumbani mikono mitupu, na mkewe, Mwanakombo, alikuwa amesimama mlangoni.

"Gari linachechemea kuliko mamako," akasema Mwanakombo. "Wamelifanya nini?"

"Wameliosha."

"Basi tutakula usafi leo." Kisha akasema, "Bwana wee, nenda kwa Sultani. Kama ni kupigwa, upigwe na mkubwa. Huyu Feruzi wa nini?"

Mbwarali akaenda barazani, akapiga magoti, akaeleza habari yake yote, na asumini akazitoa mfukoni akaziweka juu ya zulia. Sultani akakunja uso.

"Wewe umesikia sheria yangu?"

"Nimeisikia, Maulana."

"Na bado wasema karakana yangu imeharibu gari lako?"

"Mimi sisemi, Maulana. Ekseli ndiyo inayosema. Mimi ni mbeba vyungu tu."

Watu wakaanza kucheka pembeni, na Sultani hakupenda. Akasema, "Taib. Mimi ni mtu wa haki. Niletee gari lako kama lilivyokuwa kabla ya kuingia karakanani, nilione kwa macho yangu, nililinganishe na hili. Ukilileta, nitalitengeneza. Ijumaa, kabla sijatoka kwenda msikitini, usipolileta, umenizulia uongo, na punda wako ni wangu."

Baraza zima likaguna. Nani awezaye kuleta gari la juzi? Waziri akacheka mpaka akakohoa. Feruzi, naye alikuwapo, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu kama bibi harusi.

Mbwarali akarudi nyumbani, akamweleza mkewe. Mwanakombo akaketi juu ya kinu. "Wakimchukua Tajiri," akasema, "vyungu nitabeba mimi kichwani, na wewe utabeba nini? Maneno?"

"Mke wangu, hebu nikuulize," akasema Mbwarali. "Ile sheria yasema kila kitokacho, au kila gari?"

"Kila kitokacho. Mimi nilikuwapo sokoni, mpiga mbiu alinipigia sikioni."

"Basi nenda kanisugulie lijamu ya Tajiri, ile ya kinywani, ing'ae. Ijumaa atavuta kitu kikubwa."

Mwanakombo akamtazama sana. Watu waliposema kuwa mumewe ni mjinga, yeye hakuwakatalia, maana mke hana faida ya kushindana na mtaa mzima. Lakini lijamu aliisugua.

Siku ya Ijumaa asubuhi Mbwarali akamfunga Tajiri kwenye gari lile bovu, akapita nalo katikati ya soko polepole, akisalimia kila mtu kwa jina, hata wale asiowapenda. "Wapi, Mbwarali?" "Karakanani. Naingiza gari langu. Mnaliona?" "Twaliona, maskini we." Kila aliyekuwa sokoni akaliona. Akafika langoni. Mzee Shaha alikuwa ameupa mgongo ua wa karakana, uso barabarani, anatafuna kashata. Mbwarali akaingia, na Mzee Shaha hakutazama, maana kutazama kinachoingia si kazi yake.

Ndani, mafundi walikuwa wamezunguka sinia wanakula. Na bandani, kando ya magari mengine, lilikuwa gari la enzi la Sultani mwenyewe, lenye viti vya mahameli na nakshi za dhahabu, limeletwa tangu siku nyingi kupakwa mafuta ili Sultani alipande adhuhuri ya leo kwenda msikitini. Mbwarali akamfungua Tajiri kwenye gari bovu, akaliacha hapo, akamfunga kwenye gari la enzi. Akatazama chini ya gari lile, akatazama na mahameli, akaona jambo, akatabasamu.

Akawapitia mafundi. "Nachukua gari langu, mabwana."

"Chukua, chukua," akasema mmoja, mkono siniani, bila kuinua macho. "Watuzibia upepo."

Akafika langoni. Mzee Shaha akasikia kwato za Tajiri nyuma yake, kwato ambazo mji mzima ulizijua, akapaza sauti bila kugeuka: "Limetoka gari la Mbwarali mbeba vyungu!"

Mbwarali akapanda juu ya mahameli, akaenda barazani polepole sana. Njiani watu wakaacha biashara zao wakamfuata. Baraza lilikuwa limejaa: Sultani yuko na joho lake la Ijumaa, Kadhi na Waziri kando yake, na Feruzi mbele kabisa, amekuja kuona punda akikamatwa.

"Ee Maulana," akasema Mbwarali, "umenitaka nilete gari langu kama lilivyokuwa. Nimelileta."

Sultani akasimama. "Ewe mjinga! Hilo ni gari langu!"

"Astaghfirullah, Maulana. Mimi asubuhi ya leo nimeingiza gari langu karakanani, na watu wa soko wote ni mashahidi."

Watu wakaitika, "Tumeliona!"

"Nimeingia na gari moja, nimetoka na gari moja. Mzee Shaha amelinadi kuwa ni la Mbwarali, na mji umesikia."

"Tumesikia!"

"Na sheria yako yasema kila kitokacho karakanani kimetoka kama kilivyoingia. Basi hili ndilo nililoliingiza. Mimi mwenyewe nilidhani ni la mbao, Maulana, na mke wangu pia, tumelitumia miaka yote kubebea vyungu. Lakini nani mimi hata nishindane na sheria?"

Sultani akamgeukia Kadhi. "Sema neno!"

Kadhi akazitazama kucha zake. "Maulana, kama sheria ni sheria, gari ni lake. Na kama gari ni lako, basi…"

"Basi nini?"

"Basi kitu chaweza kuingia karakanani kikatoka si kile."

Sultani akatazama gari lake la dhahabu. Akamtazama Tajiri, ambaye wakati ule alikuwa ananusa kilemba cha Waziri. Adhuhuri imekaribia, na hakuna sultani apendaye kwenda msikitini kwa miguu. Basi akasema, na akasema kwa sauti ndogo, "Chaweza."

"Maulana, mimi masikio yangu yameharibiwa na punda," akasema Mbwarali.

"Nimesema chaweza! Kitu chaweza kuingia kizima kikatoka kibovu! Sheria nimeifuta! Sasa nipe gari langu!"

Watu wakapiga vigelegele, na wale waliokuwa na magari yaliyovunjika walipiga zaidi. Sultani naye, hasira zilipomtoka, akaanza kucheka, akasema, "Umenifunga kwa kamba yangu mwenyewe, ewe Mbwarali. Punda wako ni wako, na gari lako litatengenezwa."

Wakaleta farasi, wakawafunga. Sultani akapanda, akakaa, akaashiria waende. Gari likaenda upande upande kama kaa. Likayumba, likainama ubavu, na kilemba cha Sultani kikaruka kikaangukia mapajani mwa Waziri. Sultani akashika mahameli asianguke, na mkono wake ukatoka na punje za pilau na maua ya asumini.

"Feruzi," akasema Sultani polepole. "Gari langu limefanywa nini?"

Na Feruzi, kwa mazoea ya ulimi, kabla akili haijamwahi, akajibu kwa upole wake ule ule:

"Liliingia hivyo hivyo, Maulana."

Kisha akacheka mtu mmoja nyuma, nadhani ni Mwanakombo, na baada yake hakusalia mtu asiyecheka. Kumbe katika ile harusi bibi harusi ndiye aliyekalia mahameli, na wapiga ngoma ndio waliopakiwa kwenye gari la vyungu.

Siku ile Sultani alikwenda msikitini kwa miguu. Aliporudi akatoa hukumu: Mzee Shaha aketi kando ya lango, anadi kinachoingia na kinachotoka, naye akitazame kwa macho yote mawili, mafundi waitengeneze ekseli ya Mbwarali, na Mbwarali awe ameketi ndani anawaangalia. Ama Feruzi, kabla ekseli ile haijanyooshwa, apakiwe juu ya gari lile bovu pamoja na kanzu yake nyeupe, akumbatie vyungu, ateremshwe mlimani mpaka sokoni. Akateremshwa. Wanawake wa sokoni walikuwa wakimngoja, na kila kigae kilipodondoka wakamuuliza, "Ee Feruzi, chungu hiki kiliingiaje?"

"Nawe, Mbwarali," akasema Sultani, "omba utakacho."

"Maulana, naomba kibali cha kulipaka gari langu mafuta mwenyewe, uani kwangu, na ahadi yako isife."

Sultani akampa, na wengine wote wakapewa. Mwanakombo ndiye aliyelipaka, maana mumewe alikuwa akizungumza na punda.

Nami hekaya yangu nimeiteremsha hapa. Atakayeiona imepinda mahali asinirudie mimi langoni: masikioni mwangu iliingia hivyo hivyo.