Glovu Nyeupe za Mzee Mangesho

Mzee Mangesho alikuwa akimwoza binti yake, na ndafu, mbuzi mzima, ilikuwa motoni tangu alfajiri. Akamjia mchomaji wake, Sifaeli, na jozi mbili za glovu: za ngozi nene, na nyeupe za kitambaa.

"Chukua nyeupe. Mikono yako imeshazoea moto."

Sifaeli alitazama malengelenge viganjani mwake. "Asante, mzee. Tena hizi ndizo za heshima. Nikizivaa, wakwe watadhani mimi ndiye baba wa bibi harusi."

Mangesho alimpokonya. "Lete hapa! Wewe vaa hayo magunia."

Ukumbini, Sifaeli alilitoa paja likifuka moshi, akamkabidhi Mangesho mbele ya wakwe. Mila yao ilikuwa moja: baba hulishika paja mpaka mshenga awashukuru wajomba wote kwa majina. Likianguka, ndoa ina mkosi.

Kwa mjomba wa tatu, mshenga alisita. "Mzee, mbona machozi?"

"Fu... furaha," alisema Mangesho.

"Jamani, tusimkatishe mzee furaha yake," alisema Sifaeli. "Mshenga, hebu anza upya, taratibu, kwa mjomba mkubwa."