Polepole ya Rwechungura

Asemaye polepole hajabeba. Ndivyo shangazi yenu alivyomjibu yule mgeni asubuhi hii, nanyi mkacheka, kisha mkanijia mkitaka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Kamachumu alikuwako mjane mmoja, Ma Kokushubila, aliyeishi katika nyumba ya zamani bondeni, chini ya shamba la migomba. Marehemu mumewe alimwachia gramafoni aliyoinunua enzi zile kahawa ikiwa na bei. Haikuwa gramafoni ya kuweka mezani. Ilikuwa kabati zima la mti mgumu, linalomfika mtu kifuani, lenye mtambo wa chuma na springi nene tumboni mwake. Ukijaribu kulisogeza peke yako, unaishia kusogea wewe.

Miguu ya Ma Kokushubila ilikuwa imekufa ganzi miaka mingi. Mwanawe mdogo, Mutalemwa, ndiye aliyemwinua, akamwogesha, akamlisha na kumgeuza kitandani. Mwanawe mkubwa, Rwechungura, aliishi Mwanza. Huyo alikuja mara moja kwa mwaka, akaketi kando ya kitanda, na kabla ya kuondoka akamshika mdogo wake bega. "Vumilia, bwana mdogo. Mama ni mzee. Nenda naye polepole." Mutalemwa aliitikia, "Ndiyo, kaka," kisha akaenda kufua mashuka.

Masika ya mwaka mmoja ukuta wa nyuma ulipasuka. Mutalemwa alikuwa na nyumba mpya ya matofali juu ya kilima, akamsihi mama yake wahame. Mama akakubali kwa sharti.

"Itangulie gramafoni ya baba yenu. Ikifika salama, njooni mnichukue. Ikivunjika, niacheni humu humu."

Basi Mutalemwa akajiandaa. Akatoa santuri zote akazifunga kwenye shuka. Akachomoa mpini wa kuzungushia, akaufunga mkono wa sindano kwa kitambaa usichezecheze, akalivika kabati mablanketi. Akakata miti miwili mirefu, akaifunga ubavuni mwa kabati kwa kamba ili libebwe likiwa wima, maana mtambo ule haukupenda kulazwa. Wabebaji wanne wangetosha: yeye, majirani wawili Byabato na Kaijage, na kaka yake, ambaye aliahidi kuja.

Rwechungura alikuja kweli. Alikuja na suruali nyeupe.

Kwanza alilizunguka kabati mara mbili, akitikisa kichwa. Akaagiza kamba zifunguliwe. Zikafunguliwa. Akatafakari, akaagiza zifungwe tena, na zikafungwa vilevile zilivyokuwa. Mutalemwa akauma midomo. Wakati wa kuinua ulipofika, kaka mtu akarudi nyuma akakunja mikono.

"Mbona hushiki, kaka? Tumekuhesabu wewe wa nne."

"Wote tukishika, nani atasimamia? Kazi hii inataka macho."

Byabato na Kaijage wakashika mbele. Mutalemwa akaingia nyuma peke yake, ncha ya mti begani kulia, ncha ya mti begani kushoto. Wakatoka.

"Polepole!" Rwechungura akapaza sauti kabla hawajavuka kizingiti. "Polepole, jamani! Hicho ni kitu cha marehemu!"

Migombani ilikuwa hivyo hivyo. Wakiongeza mwendo, polepole. Wakipunguza, polepole zaidi. Yeye alitembea pembeni, mikono nyuma, akiyakwepa matope kama jogoo aliyelowa. Jasho lilimwingia Mutalemwa machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Kisha wakafika kwenye mpando. Njia ilikuwa nyembamba, udongo mwekundu umelainika kwa mvua. Wa mbele walipoanza kupanda, uzito wote ukamtelemkia wa nyuma. Miti ikamkata mabega. Hapo ndipo Rwechungura aliponyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Simameni! Naona limeinama kushoto. Tulizungumze kwanza."

Wakasimama, katikati ya mpando.

"Kaka," Mutalemwa akasema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Njoo ushike hapa."

"Mimi? Na nani atawaelekeza?"

"Njia ni moja! Inapanda! Tuelekezwe nini? Nimechoka na polepole yako. Shika, au naliachia lishuke hadi mlangoni kwa mama."

Byabato akageuza shingo. "Ta Rwechungura, shika. Huyu hatanii."

Rwechungura akaitazama suruali yake, akamtazama mdogo wake, akaingia matopeni. Akapokea mti wa kushoto begani. Alipousikia uzito, macho yalimtoka.

Hawakuwa wamepanda mbali alipoanza kupiga kelele. "Twendeni! Mbona mnakokota miguu? Kazeni mwendo!"

"Polepole," akasema Kaijage kwa upole.

"Polepole gani! Bega linang'oka! Haraka, jamani, haraka!"

Wakafika mbio. Kwa haraka yake, Rwechungura aligongesha pembe ya kabati kwenye fremu ya mlango, likachubuka kipande kidogo kama ukucha. Wakalitua. Mutalemwa akafungua mablanketi, akaufungua mkono wa sindano, akarudisha mpini, akaweka santuri moja. Ikakwaruza kidogo, kisha ikaimba. Majirani wakashangilia. Mutalemwa akaegemea ukuta, akafumba macho.

Rwechungura alikuwa amekaa chini, bega limevimba. "Uzito ule wote," akasema, "ulikuwa nao tangu nyumbani, wala husemi?"

"Pumzi ya kusema ningeitoa wapi? Asemaye polepole hajabeba, kaka."

Rwechungura alimtazama mdogo wake, akaona mgongo uliopinda kabla ya umri wake, na mikono iliyochubuliwa na sabuni.

"Unasema habari ya kabati?"

"Ya kabati," Mutalemwa akajibu. Kisha akaongeza, "Na ya mama."

Rwechungura akainuka, akateremka bondeni. Alimkuta mama yake ameketi kitandani, kilemba kichwani, anasubiri.

"Nimesikia kelele mpaka huku," mama akasema. "Imefika?"

"Imefika, mama. Pembe moja nimeichubua mimi."

"Afadhali umeichubua wewe. Angalau uliishika."

Akainama, akambeba mama yake mgongoni, akapanda naye kilima kile kile. Wala hakurudi Mwanza wiki ile, wala iliyofuata. Alikaa mpaka mvua zikakatika, akajifunza kumwogesha mama yake na kumgeuza usiku, ili mdogo wake apate kulala. Siku moja binamu yao akaja kusalimia, akamkuta Rwechungura anahangaika kumkalisha mama kitini, akamwambia, "Taratibu, bwana, huyo ni mzee."

Rwechungura akasogea pembeni, akamwonyesha upande wa pili wa kiti. "Shika hapo," akasema. "Asemaye polepole hajabeba."