Kahawa ya Baraza ya Mahakama

Tangu ameze vidonge vya mgongo vya Bwana Shekue, Mbaruku muuza kahawa alitetemeka mikono hata akawa hawezi kujaza kikombe bila kumwaga nusu. Akamshtaki Shekue, mwenye duka kubwa la dawa, amlipe fidia.

Siku ya kesi, Shekue alimkuta kwenye baraza ya mahakama na dele lake la kahawa, akiwamiminia watu na kuwaunguza miguu.

"Karibu kahawa, bwana. Kesi si ugomvi."

Shekue hakuwa mtu wa kukataa cha bure. Akanywa vikombe viwili, akaingia ndani, akapanda kizimbani, akaapa.

"Mheshimiwa, dawa yangu haina madhara hata chembe. Huyu anatetemeka kwa uzee wake."

Hakimu akamgeukia Mbaruku. "Una swali?"

"Sina, mheshimiwa. Nashukuru tu kusikia haina madhara, maana vidonge vilivyobaki nilivisaga, nikavitia kwenye vikombe vyake viwili."

Shekue aliruka kutoka kizimbani. "Ameniua huyu! Niitieni daktari kabla mikono haijaanza kutetemeka! Wenzake wote dawa iliwaanza mikononi, ikapanda shingoni!"



"Wenzake wepi?" hakimu akauliza, akichukua kalamu.

Shekue akainyoosha mikono yake mbele, akiikagua.

"Tulia, bwana," Mbaruku akamwambia. "Umekunywa kahawa tupu. Vidonge vingebaki vipi, nawe uliniagiza nivimalize vyote?"