Nguchiro na Sahani za Jirani

Hapo zamani za kale, kale ya wanyama na si kale yangu mimi, msinicheke, palikuwa na mtaa uitwao Bondeni.

Shaame, geuza hiyo simu kifudifudi. Sijasema uizime, nimesema uigeuze. Hata mimi ninayo yangu hapa, na mjomba wenu akituma picha ya mtoto kutoka huko aliko, nakibusu kioo mpaka kinaingia ukungu. Sina ugomvi na simu. Ila kisa hiki kinataka macho yenu.

Basi, Bondeni wanyama walikaa majumbani kama watu. Walifagia nyua zao, walianika nguo, waligombana juu ya maji machafu yanayopita mlangoni kwa mwenzao. Jioni ikifika, ungesikia Bwana Kiboko anakuna nazi, kwaru kwaru kwaru! Ungesikia mihogo inatokota kwa Bi Tembo. Na kila aliyepika alipakua sahani moja ya jirani, akaifunika kawa, akaipeleka kwa miguu yake mwenyewe.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu! Kumbe ni wewe! Pita ndani, mbona unasimama mlangoni kama mgeni?"

Na sahani ya jirani, wanangu, ilikuwa hairudi tupu. Hiyo ndiyo ada ya Bondeni, na ndiyo ada ya kwetu nilipokuwa na umri wenu. Umeletewa wali? Rudisha sahani na maembe. Huna maembe, tia ndimu. Mama yangu akikosa kabisa alikuwa anaweka majani ya mchaichai, nami nilikwenda njia nzima nikiyanusa. Nikiikumbuka harufu ile hata leo, moyo wangu unalainika. Ningependa mngeinusa.

Sasa siku moja Kima akaokota kipande cha mkaa. Pale kisimani palikuwa na jiwe kubwa, jeupe, lililo laini. Kima hana kazi, mnamjua. Akachora ndizi alizopika mchana, zimelala kwenye sahani, na mvuke unapanda.

Bi Tembo akapita na ndoo yake. "Lo! Ndizi hizi! Zinataka kuliwa!" Kwa furaha akachovya mguu kwenye tope, akaugandamiza chini ya picha. Pwaa! Unyayo huo, mkubwa kama ungo.

Kima akauona unyayo. Akauzunguka. Akaruka juu, akaruka tena. "Nimegongewa unyayo! Jamani, nimegongewa unyayo!"

Mwanakheri, unacheka nini? Unamjua mtu wa namna hiyo? Haya, usimtaje.

Basi kila mmoja akataka unyayo wake. Kiboko akachora wali wa nazi. Tembo akachora mihogo. Fisi akachora supu, na kwa vile mkaa haumnyimi mtu, akachora na minofu mikubwa mikubwa. Ukiipenda picha, unagonga: pwaa! Wenye miguu mikubwa wakigonga walifunika picha za wadogo, na Panya akalalamika mpaka akachoka.

Mwanzoni ilikuwa raha, sitaki kuwadanganya. Watu walicheka pale kisimani, wakaonyeshana vitoto vilivyozaliwa. Lakini kidogo kidogo salamu ya asubuhi ikabadilika. Badala ya "Umeamkaje?" ikawa "Umepata nyayo ngapi?" Kwa Kiboko watoto walikaa wameikodolea macho sinia, na mkono ukinyooshwa tu, baba mtu anaupiga, pa! "Usiguse! Hakijachorwa!" Wali ukawa unaliwa baridi.

Na sahani je? Zikakoma. Kwa nini mtu apeleke wali kwa jirani, na jirani ameshauona kwenye jiwe?

Mwisho kabisa wa mtaa alikaa Mama Nungunungu. Alikuwa mzee, mguu mmoja umevimba, na kutoka kitandani kulimshinda, sembuse kufika kisimani. Zamani sahani za majirani ndizo zilizomlisha, na hodi zao ndizo zilizomchangamsha. Sasa aliyebaki naye alikuwa Nguchiro peke yake, yule mdogo wa miguu myepesi, ambaye Mama Nungunungu alimlea tangu alipofiwa na mama yake. Nguchiro alimletea panzi. Mama alijaribu kuwatafuna kwa adabu tu. Meno yalikuwa yamekwisha, na siku hadi siku alizidi kukonda.

"Mwanangu," akauliza siku moja, "Bondeni watu wamehama?"

"Hawajahama, Mama."

"Basi wamekufa?"

"Wazima wote, Mama."

"Mbona sisikii hodi?"

Nguchiro akainuka. Akatoka mbio, purrr! mpaka kisimani, na wakubwa wote walikuwa pale wanaangalia jiwe.

"Jamani! Mama Nungunungu anaumwa! Hajatia kitu cha moto tumboni siku nyingi! Atatufia!"

"Maskini weee!" akalia Bi Tembo.

"Mama wa watu!" akasema Kiboko, na chozi likamtoka, chozi la kweli.

Kima akashika mkaa haraka. Akamchora Mama Nungunungu amelala, mguu umevimba, na tone la chozi shavuni. Picha ilikuwa nzuri, lazima niseme. Wakaanza: pwaa! Pwaa! Pwaa! Kila mmoja akagonga. Kiboko akagonga mara mbili kwa uchungu. Halafu wakaangalia jua, wakasema kumekuchwa, wakaenda zao kula.

Nguchiro akabaki peke yake mbele ya jiwe. Nyayo zote zile, na hakuna hata mguu mmoja uliokwenda mlangoni kwa Mama. Hasira zikampanda mpaka mkia ukamsimama. Akakaa. Akafikiri. Mara akacheka peke yake: kwi kwi kwi!

Kesho yake akawahi kisimani. Picha ya Mama ilikuwa imeshafunikwa na picha ya mihogo mipya, na wakubwa walikuwa wanagombania nyayo.

"Mh!" akasema Nguchiro. "Picha nzuri. Lakini mbona hazinuki?"

"Picha inanuka wapi, we mtoto?" akafoka Fisi.

"Ndiyo hapo! Nimesikia watu wanasema, si mimi, wanasema kuna wanaochora wali na ndani wanakula ukoko. Tutajuaje nani anapika kweli na nani anachora tu?"

"Ananisema mimi huyo?" Kiboko akavimba. "Wali wangu ni wali!"

"Na mihogo yangu ni mihogo!" akasema Bi Tembo.

Fisi akakohoa, akaangalia pembeni.

"Basi hamna haja ya kugombana," akasema Nguchiro. "Nimepata mwamuzi. Anaitwa Mwenye Pua. Huyo picha haziangalii kabisa. Ananusa, anaonja, anajua. Akikutaja wewe ndiye mpishi wa Bondeni, nani atakubishia tena? Leteni vyakula vyenu vikiwa vya moto, kwenye sahani zenu wenyewe, mimi nitawapitisha."

Mnawajua wenye sifa. Wakakimbia majumbani! Moshi ukafuka mtaa mzima, nazi zikakunwa, vitunguu vikakaangwa. Mchana Nguchiro akawapitisha mmoja mmoja kwa uani, kwenye vichaka, mpaka kwenye kijumba wasichokikumbuka. Ndani palikuwa na pazia.

Kiboko akafika wa kwanza, jasho linamtiririka, sahani mikononi. Akasimama kizingitini. Akafungua kinywa, akakifunga. Alikuwa hajapiga hodi muda mrefu mpaka neno lilimkwama.

"Ho... hodi."

"Karibu," ikatoka sauti dhaifu nyuma ya pazia. "Karibu sana, mwanangu."

Kiboko akashtuka. "Sauti hii kama naijua."

"Huijui," akasema Nguchiro upesi. "Weka sahani, nenda. Wenzako wanangoja."

Wakaja wote wanne, Kiboko, Tembo, Kima na Fisi. Walipoondoka, Nguchiro akavuta pazia, akampakulia Mama Nungunungu. Wali wa nazi ulikuwa laini, hautaki meno. Mihogo iliiva mpaka inavunjika. Supu ya Fisi ilikuwa maji na mifupa, lakini ilikuwa ya moto. Mama akala polepole, machozi yanamdondoka kwenye sahani.

"Nani ameleta, mwanangu?"

"Majirani, Mama."

"Basi usirudishe sahani tupu. Nenda uani, mndimu wetu haujakauka. Tia ndimu kila sahani."

Nguchiro akatia ndimu. Akafunika kawa. Halafu, kama bahati mbaya, akazichanganya.

Asubuhi wakubwa wakamsubiri kisimani, roho juu. "Nani kashinda? Sema! Sema upesi!"

"Mwenye Pua bado anaonja kwa mawazo," akasema Nguchiro, uso mkavu kabisa. "Shikeni sahani zenu. Msifunue njiani, mtaharibu bahati."

Kiboko alipofika kwake akafunua. "Ala! Hii si sahani yangu! Hii yenye mdomo uliovunjika ni ya Fisi!"

Akaiweka chini. Akaizunguka. Sahani ya jirani imo nyumbani mwake, na yeye alilelewa Bondeni, na mtu aliyelelewa Bondeni hawezi kulala na sahani ya mwenzake, wala kuirudisha tupu. Akaguna, akapika wali, akaupakua ukiwa bado wa moto. Hakukumbuka hata kuuchora.

"Hodi! Hodi kwa Fisi!"

Fisi akachungulia. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika.

"Fisi! Umekonda hivi? Na ile minofu kwenye jiwe?"

"Kwenye jiwe nachora," akasema Fisi. "Ndani sina kitu, Kiboko. Sina kitu tangu masika."

Kiboko akakaa chini pale pale, puu! Wakala wote wawili sahani moja. Hapo tena Fisi akaonyesha sahani iliyokuwa kwake, ya Bi Tembo. Wakaongozana kwa Bi Tembo na ndimu zao, maana Fisi hakuwa na kingine. Kwa Bi Tembo wakamkuta anajiandaa kwenda kwa Kima na sahani ya Kima, na mara Kima mwenyewe huyo, hodi hodi, na sahani ya Kiboko kichwani!

Wakatazamana.

"Nguchiro!" wakanguruma wote pamoja. "Katuchezea!"

Wakatoka mkuku, vumbi linatimka, du du du du! Safari hii hawakupita vichakani. Walipita njia kuu inayoelekea upande ule ule, iliyoota nyasi, na kadiri walivyokwenda ndivyo walivyopunguza mwendo, kwa sababu miguu yao ilikuwa inaijua njia ile.

"Toka nje, Mwenye Pua!" akapaza sauti Bi Tembo. Akasukuma mlango, akang'oa pazia, akainua mguu juu.

Mama Nungunungu alikuwa ameketi kitandani, na Nguchiro amejikunyata pembeni yake.

"Huyo ni Kiboko?" akauliza Mama, akikaza macho. "Kiboko mwanangu, wali wako mtamu, ila chumvi imezidi. Marehemu mama yako alikuwa anatia kidogo. Na wewe Fisi, njoo karibu, mbona umekonda? Tembo, shusha mguu, mama, utaanguka."

Bi Tembo akaushusha mguu taratibu. Kiboko akaanza kulia, na mlio wa kiboko akilia mnaweza kuusikia mpaka ng'ambo ya mto.

"Mama, hatukukusahau," akasema Bi Tembo, akifuta macho kwa sikio. "Tulikugongea nyayo. Nyingi, Mama. Jiwe zima."

Mama Nungunungu akamshika mkonga.

"Huko kwenye jiwe sijafika, mwanangu. Mguu mbovu. Mimi nimeziona sahani."

Nguchiro hakupigwa. Alitumwa kuteka maji ya kunawa, maana siku ile walikula pale pale, wote, mpaka sahani zikachanganyika upya na hakuna aliyejua tena ipi ya nani.

Nami kisa changu kimetua hapo, na funzo lake ni hili: ukimkumbuka mtu, nenda kwake, na kama huwezi kwenda, mpelekee sahani.