Bi Sange na Moshi wa Chui

"Jamani, mpo?"
"Tupo!"
"Na masikio mmekuja nayo?"
"Haya hapa!"
"Basi yategeni."

Alikuwepo Bi Sange, mnyama mdogo kama panya, pua ndefu, miguu myembamba. Kila asubuhi alifagia njia yake msituni, fya! fya! fya!, lisibaki hata jani la kumkwaza akikimbia. Lakini Chui alimshinda mbio. Alikwisha kula watoto wake wawili. Alibaki mmoja, Kipusa, na Chui alikuwa amesema, "Huyo namsubiri anenepe."

Bi Sange alilia mpaka machozi yakamkauka. Halafu akafikiri. Mama yule alikuwa na akili, nyie!

Akamkumbuka mlinzi wa msitu, mvuta sigara asiyejua kupumzisha mdomo. Kila akipanda kilima alisimama, akashika shavu la mguu, "Aaa, mguu!" Akikaa, maumivu yanapoa. Akitembea, yanarudi. Basi kila mlinzi aliposinzia, Bi Sange akamchopolea sigara, na vile vidude vya kuvuta mvuke, vyenye harufu ya embe.

Akavirundika mlangoni mwa shimo lake, na Chui alipotokea, akavikumbatia. "Bwana Chui, chukua chochote, ila hivi niachie!"

"Nataka hivyohivyo!" Chui akanguruma, akanyang'anya vyote.

Akavuta sigara, pu! Akavuta mvuke, fyuu! Asubuhi pu, jioni fyuu.

"Huu wa embe hauna neno," alisema. "Si matunda tu?"

"Matunda matupu, bwana," akajibu Bi Sange, akamwongezea.

Kumbe ndani mishipa ya damu inabana, kuta zake zinachubuka, zinaota utando. Moyo unahangaika du! du! du!, damu haifiki miguuni.

Masika yakapita, kiangazi kikapita. Chui akaja. "Kipusa kanenepa. Mlete."

"Njoo umchukue mwenyewe. Kipusa mwanangu, kimbia!"

Wakachomoka, chwi! chwi! chwi! Chui nyuma yao, puku! puku! puku! Hatua ishirini tu.

"Aaa, mguu!"

Bi Sange naye akasimama, akageuka. "Pole, bwana. Pumzika kidogo."

Chui akapumzika, akaruka tena. Puku! puku! "Aaa, mguu!"

"Pole, bwana."

Mara ya tatu akakaa chini, anahema, jasho linamtiririka. Kipusa alikwisha ingia shimoni.

"Umenifanya nini, wewe kidudu?"

"Mimi? Mimi nilikunyima, ukaninyang'anya. Sasa mishipa imebana, damu haina pa kupita."

Akamwacha palepale. Akaingia shimoni, akamkumbatia mwanawe, akawalilia wale wawili kwa mara ya mwisho. Tangu siku hiyo Chui anakula mapanzi, tena yale mazee.

Na funzo lake? Mnadhani nitasema msivute? Nani kasema! Funzo ni kwamba sigara huokoa maisha, na mvuke wa embe pia. Maisha ya sange.

Nimeutua mzigo wangu. Anayebisha akamuulize Chui, ila amfuate kulekule alikokaa, maana yeye kuja hawezi.