Pazi Apimwa kwenye Ua wa Kushindia

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia kama wenye mafua. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Watoto tegeni masikio. Watu wazima pia, maana ngano hii inawahusu wao zaidi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vijiji, na vijiji vilipokuwa na kamati, aliishi Punda. Punda huyu hakujaliwa kuzaa. Siku moja akakuta kitoto cha mbwa kinalia kichakani, mama yake kaliwa na Chui. Akakibeba kwa meno, polepole, mpaka nyumbani. Akakiita Pazi.

Jirani yake Kanga akacheka. "Ke-ke-ke! Shoga, tangu lini punda akawa na mtoto wa kubweka?"

"Sikumzaa, namlea," Punda akasema. "Na kazi ni kulea."

Mwaka huo mvua ikagoma. Kisima kikakauka. Kijiji kikafanya kikao, kikatazama migongo yote, kikauona mgongo wa Punda. Basi kila alfajiri Punda akatoka, kwata-kwata, kwata-kwata, kuteka maji ya kijiji kizima ng'ambo ya mlima. Akarudi jua linazama. Kijiji kikamshukuru sana. Wanasema fadhila za punda ni mateke. Fadhila za kijiji kwa punda, hizo hakuna aliyezitungia methali.

Na Pazi je? Pazi akabaki nyumbani peke yake. Na Chui bado yupo. Na Chui, jamani, anampenda mbwa kama nyinyi mnavyopenda halua.

Palikuwa na ua wa miiba, mrefu, mnene, wenye lango. Uliitwa Ua wa Kushindia. Wazazi wenye shughuli waliwaacha watoto humo asubuhi, wakawachukua jioni. Vifaranga, ndama, watoto wa mbuzi. Mbwa hakuwahi kushinda humo hata mmoja. Punda akaenda kuomba.

Mwenyekiti wa Ua alikuwa Mbuni, shingo ndefu na maneno marefu. Karani alikuwa Nungunungu. Alipewa ukarani kwa kuwa hakukosa kalamu: aling'oa mwiba mgongoni, nywii, akaandika.

"Mbwa lazima apimwe," Mbuni akasema. "Vipimo vitatu. Ulafi, hasira, utulivu."

"Utulivu mnaupimaje, Mwenyekiti?"

"Mlezi anaondoka, mtoto anabaki. Asibweke. Akibweka, vifaranga wanaamka. Abwekaye hafai. Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mimi," Nungunungu akasema kwa adabu.

Asubuhi ya kupimwa, Punda akamlamba Pazi masikio, akamwambia njiani, "Mwanangu, leo funga mdomo. Ukiingia mle, Chui hakupati tena."

"Na nikiona kitu, mama?"

"Hata ukiona kitu."

Kipimo cha kwanza. Pazi akawekewa uji. Kifaranga akatumbukiza kichwa bakulini, chubwi! Pazi akasogea, akamwachia. Nungunungu akang'oa mwiba, nywii, akaandika: Si mlafi.

Kipimo cha pili. Mtoto wa mbuzi akamvuta sikio, akamvuta mkia, akampanda mgongoni. Pazi akalala chali. Nywii. Hana hasira.

Kipimo cha tatu. Punda akaambiwa aondoke, asigeuke. Akatoka, kwata-kwata, akajificha nyuma ya kichuguu. Akasikiliza. Kimya. Akahesabu pumzi zake. Kimya. "Tulia, mwanangu," akanong'ona. "Kidogo tu. Kidogo tu."

"Bwe!"

Moyo wa Punda ukaanguka, puu!

"Bwe! Bwe!"

Akatimua mbio. Akamkuta Pazi kasimama mbele ya vifaranga, manyoya yamesimama wima, macho kwenye pengo la miiba. Vifaranga wote macho. Mbuni kakunja uso.

"Mara tatu," Nungunungu akasema. "Nimehesabu."

"Mama, kulikuwa na kitu pale!" Pazi akalia. "Kimekimbia!"

Wakaenda kutazama. Nje ya pengo, kwenye vumbi, palikuwa na nyayo. Pana. Za mviringo. Bado mbichi.

"Mwenyekiti," Punda akasema, "si hizi nyayo za Chui?"

Mbuni akainamisha shingo, akazitazama kwa muda mrefu. "Ni za Chui. Sikatai."

"Basi mwanangu amewaokoa watoto wenu!"

"Bi Punda, nyayo si kazi ya kamati hii. Nyayo zina kamati yake. Sisi hapa tunapima mbwa."

Nywii. Alibweka. Hafai.

"Ila msivunjike moyo," Nungunungu akaongeza, kwani hakuwa na roho mbaya. "Akikaa siku tatu bila kubweka, na jirani akashuhudia, nitakuja mwenyewe kumwandika upya."

Wakarudi nyumbani. Walipofika ndipo uchovu wa mwaka mzima ukamtoka kinywani. "Mdomo wako, Pazi! Mdomo wako ndio umetuponza. Nilikuambia hata ukiona kitu!"

Pazi akakunja mkia. "Nisamehe, mama. Nitajifunza."

Siku ya kwanza Punda akarudi na maji, akamuuliza Kanga, "Shoga, amebweka?"

"Hata kidogo."

Siku ya pili. "Amebweka?"

"Hata kidogo! Mtoto ana nidhamu huyu, kanishinda mimi na mikelele yangu."

Punda akacheka. Mara ya kwanza mwaka ule.

Siku ya tatu akarudi mbio, maji yakimwagika njia nzima. "Shoga, amebweka?"

"Hata kidogo. Leo ndio katulia kuliko siku zote."

Punda akasukuma mlango. Mkeka umechanika. Damu sakafuni. Mburuzo umepita nyuma ya nyumba, ukavuka kichaka, ukapotea. Kelele hapakuwa na hata moja. Pazi alijifunza.

Nungunungu akafika jioni ile, kama alivyoahidi. Kanga akashuhudia. Nungunungu akashika mwiba mgongoni, akauona mlango, akauona mkeka. Akauachia. Siku hiyo hakuandika. Akakaa chini vumbini, akajikunja, akawa mpira wa miiba, asionekane uso.

Usiku ule Punda akapanda juu ya kichuguu, akafumbua kinywa, na sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikatoka, ikapanda, ikashuka, ikakatika, ikaanza tena. Kijiji kizima kikaamka. Vifaranga wakaamka. Mbuni akatuma ujumbe kwamba anyamaze. Hakunyamaza.

Ndiyo maana mpaka leo punda hulia ghafla, mchana kweupe, mbele yake hakuna kitu. Watu husema anataja saa. Si saa. Anambwekea mwanawe.

Wanangu, na nyinyi wakubwa wao, mafunzo ni haya: anayepiga kelele kwa ajili yako, usimfundishe kunyamaza. Kwanza katazame alichokiona.

Hadithi yangu imefika hapa, imekaa chini. Asiyelala na alale, na mwenye la kusema alfajiri, asikilizwe.